Gwiji Akipewa Thenkyu, Mashabiki Wanagombania Nini?

Jumamosi ya tarehe 20 Novemba 2021, saa 12 jioni, kibanda umiza kimoja cha Kirumba, hapa Mwanza, kilikuwa kimejaa mpaka watu wanachungulia dirishani. Kiingilio jero. Kwenye ubao wa nje mwenye kibanda alikuwa ameandika kwa chaki: WATFORD – MAN U. Harufu ya dagaa iliingia na watu, maana nusu ya waliokaa kwenye mabenchi walikuwa wametoka kupakia magunia kwenye soko la samaki la Mwaloni. Mpira ulipoisha Manchester United walikuwa wamechapwa 4-1, Harry Maguire katolewa kwa kadi nyekundu, na kamera ikamfuata kocha wao, Ole Gunnar Solskjær, akiwaendea mashabiki waliosafiri na timu, mikono juu, akiomba radhi. Nyuma yake Bruno Fernandes akawa anawaonyesha mashabiki hao kwa ishara kwamba wa kulaumiwa ni sisi wachezaji, si huyu.

Ndani ya kibanda pakachafuka. "Aondoke, katuchosha!" akapiga kelele kijana mmoja wa bodaboda. Mzee aliyekaa benchi la mbele, mchuuzi wa sangara, akageuka taratibu. "Mwanangu, 1999 wewe ulikuwa wapi?"

"Mzee wangu, 1999 nilikuwa sijazaliwa. Sasa hiyo inaingiaje kwenye bao nne?"

Tukacheka, mimi nikiwamo. Mzee hakucheka. Kesho yake mchana taarifa ikatoka: Ole kapewa thenkyu. Kwa msomaji asiyefuatilia mpira wetu, hilo ndilo neno la mtaani la kocha kufukuzwa, kwa sababu klabu zetu zina tabia ya kuweka mtandaoni picha ya anayeondoka, imeandikwa shukrani kwa Kiingereza, kana kwamba mtu ameomba mwenyewe kwenda kupumzika.

Inabidi nieleze kuhusu yule mzee, la sivyo hasira yake haitaeleweka. Ana mtumbwi mmoja wa dagaa, na ubavuni mwake ameandikisha kwa rangi nyekundu: OLE 20. Ishirini ni namba aliyovaa Solskjær alipokuwa mchezaji. Mara ya kwanza mtumbwi ule kushushwa majini, wavuvi wawili waligoma kupanda. Kwa Kiswahili "ole" ni balaa linalokusubiri mbele ya safari, na hakuna mtu mwenye akili zake anayeingia ziwani usiku juu ya mbao zilizoandikwa ole. Ikabidi mzee awasimulie habari ya Camp Nou, tarehe 26 Mei 1999: Bayern Munich wanaongoza 1-0, dakika 90 zimekwisha, Teddy Sheringham anasawazisha, kisha Ole aliyetokea benchi ananyoosha mguu na kombe la Ulaya linahamia Manchester. Wavuvi wakapanda. Sasa huyo ndiye mtu ambaye kijana wa bodaboda alikuwa anataka aondoke.

Nimesikiliza ugomvi wa namna hii mara nyingi, vibandani na kwenye vijiwe vya kahawa, na mara zote nilidhani ni watu wawili wenye majibu mawili tofauti kwa swali moja. Sivyo. Kijana anauliza: kazi inaenda? Mzee anauliza: mtu aliyetupa furaha ile anaondolewaje, na anaondolewa na nani? Ndiyo maana wanaweza kubishana mpaka mwenye kibanda azime umeme na wasifike popote.

Swali la kijana ndilo jepesi kuelezeka. Kocha anapimwa kwa pointi, na pointi zilikuwa zimekauka. Tarehe 24 Oktoba Liverpool walikuwa wameingia Old Trafford wakapiga 5-0, na Novemba 6 Manchester City wakashinda hapohapo 2-0. Hapo hakuna cha gwiji wala jirani yake gwiji.

Lakini hata kwenye hesabu ya pointi kuna mtego, na watu wa Mwaloni wanaujua vizuri kuliko wachambuzi wengi wa redioni. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, taa haina kazi, na wavuvi wengi hupumzika siku hizo washone nyavu. Tajiri wa mtumbwi akimfukuza nahodha wake katika wiki ya mbalamwezi na kumleta mwingine, wiki inayofuata giza litarudi, dagaa watajaa, na nahodha mpya ataonekana mchawi wa ziwa. Klabu nazo hufukuza kocha zikiwa chini kabisa, na aliyeko chini kabisa mara nyingi hana pa kwenda ila juu. Mchumi wa Uholanzi, Bas ter Weel, aliipitia ligi ya nchi yake kuanzia 1986 hadi 2004, akazilinganisha timu zilizofukuza kocha na timu zilizoporomoka vilevile zikamvumilia wa kwao. Zote zilipanda. Zilizofukuza hazikupanda zaidi.

Basi kijana akisema "si umeona, kaondoka na timu imeshinda", huo ni ushahidi dhaifu. Na mzee akisema "si umeona, kaondoka na timu bado mbovu", wake nao hauna nguvu zaidi. United baada ya Ole ilipita kwa Michael Carrick, ikakabidhiwa Ralf Rangnick, ikamaliza ya 6 kwa pointi 58, ambazo wakati ule zilikuwa chache kuliko za msimu wake wowote wa Ligi Kuu ya Uingereza. Hiyo haimaanishi Ole angefanya vizuri zaidi. Inamaanisha tu kwamba tatizo halikuwa na jina moja.

Habari ya Lampard

Mfano unaonisumbua zaidi ni wa Chelsea, kwa sababu pale uongozi ulishinda hoja kabisa na bado mashabiki wengine hawakutulia.

Frank Lampard ndiye mfungaji bora wa Chelsea wa wakati wote, mabao 211 akiwa kiungo. Walimleta kuwa kocha Julai 2019, na angalia walimleta lini: klabu imefungiwa kusajili na FIFA, Eden Hazard ameuzwa Real Madrid, na makocha wenye majina hawana haraka ya kwenda kwenye jiko lisilo na kuni. Yeye akaenda. Akawapandisha vijana wa akademi, Mason Mount, Reece James, Tammy Abraham, akamaliza wa 4. Mwaka uliofuata klabu ikamwaga zaidi ya pauni milioni 200 kwa akina Kai Havertz na Timo Werner, na hapo kipimo kikabadilika usiku mmoja. Januari 24, 2021, Chelsea ikicheza na Luton kwenye uwanja usio na watu kwa sababu ya korona, mashabiki walitundika bango walilolilipia wenyewe: tunamwamini Frank, zamani, sasa na daima. Kesho yake akafukuzwa. Timu ilikuwa ya 9.

Miezi minne baadaye, Mei 29, mjini Porto, Thomas Tuchel aliyerithi kiti chake akatwaa ubingwa wa Ulaya kwa bao 1-0 dhidi ya Manchester City. Shabiki wa aina ya kijana wetu akasema mjadala umefungwa. Lakini ulitazame lile bao. Pasi ni ya Mount, aliyepandishwa na Lampard. Mfungaji ni Havertz, aliyesajiliwa Lampard akiwa kocha. Wavu umeshonwa na mmoja, aliyevuta ni mwingine, na ni kweli kabisa kwamba yule wa kwanza alikuwa ameshindwa kuuvuta. Yote mawili ni kweli kwa pamoja, na kichwa cha shabiki hakipendi mambo mawili yawe kweli kwa pamoja, hasa kama kuna mtu wa Arsenal amekaa pembeni anamcheka.

Roman Abramovich, mmiliki wa Chelsea wakati ule, ambaye kwa miaka karibu 18 alikuwa amefukuza makocha bila kufungua mdomo, safari hii alitoa tamko kwa jina lake mwenyewe, akisema uamuzi ulikuwa mgumu na hadhi ya Lampard klabuni haijapungua. Roberto Di Matteo, aliyeleta kombe la Ulaya Mei 2012 na kufukuzwa Novemba ya mwaka huohuo, hakupata maneno ya namna hiyo kutoka kwa tajiri. Tajiri alijua kwamba safari hii anagusa kitu ambacho si chake peke yake.

Ngao

Hapa ndipo penye swali la tatu, ambalo wale wawili kibandani hawakuliuliza: nani alimweka gwiji pale, na kwa kazi gani?

Ukizipitia tarehe, utaona klabu haimwiti gwiji wakati wa neema. Ole aliitwa Desemba 2018 baada ya José Mourinho kuondoka na vyumba vya kubadilishia nguo vikiwa vinawaka moto, mashabiki wakiwa na kinyongo na familia ya Glazer, wamiliki wa klabu, tangu 2005. Andrea Pirlo alipewa Juventus Agosti 2020 hajawahi kuongoza hata mechi moja ya kiushindani. Siku chache kabla alikuwa ametangazwa kocha wa kikosi cha vijana. Ronald Koeman alipokea Barcelona Agosti 2020, siku chache baada ya kichapo cha 8-2 kutoka kwa Bayern. Jina la gwiji linanunua kitu ambacho pesa hainunui, yaani subira. Mashabiki ambao wangempiga mgeni mawe baada ya mechi tano wanampa mtoto wa nyumbani mwaka mzima, na katika mwaka huo hakuna anayeangalia ghorofa ya juu, kwenye ofisi za wanaosajili na kulipa. Gwiji ndiye ngao yao.

Koeman ndiye aliyenionyesha jambo hili waziwazi. Huyu ndiye aliyepiga ile faulo ya Wembley, Mei 1992, iliyoipa Barcelona kombe lake la kwanza la mabingwa wa Ulaya. Agosti 2021 Lionel Messi akaondoka kwa sababu klabu haikuweza kumwandikisha upya. Rais wake Joan Laporta alitangaza mwezi huohuo kwamba madeni yamefika euro bilioni 1.35. Hakuna kocha anayeweza kupanga kikosi kikalipa deni hilo. Oktoba 24 wakafungwa na Real Madrid nyumbani, na mashabiki wenye hasira wakalizingira gari la Koeman lilipokuwa linatoka uwanjani, wakaligonga kwa mikono huku yuko ndani. Siku tatu baadaye wakafungwa na Rayo Vallecano, akafukuzwa usiku uleule. Aliyeletwa? Xavi Hernández, gwiji mwingine. Ngao imetoboka, leta ngao nyingine. Xavi akachukua ubingwa wa 2023, na Mei 2024 akafukuzwa, mwezi mmoja tu baada ya uongozi kukubaliana naye hadharani kwamba anabaki.

Watu huniuliza kuhusu hili la mikataba: kama walimwamini hadi kumwongezea, mbona wanamfukuza kabla wino haujakauka? Ole aliongezewa Julai 2021 hadi 2024, akafukuzwa Novemba. Jibu ni kwamba mkataba mpya wa kocha si kiapo. Kocha akiingia mwaka wa mwisho wa mkataba, wachezaji na mawakala wao wanaanza kumhesabu kama mpangaji aliyepewa notisi, kwa hiyo klabu inaongeza miaka ili neno lake liendelee kusikika mazoezini. Ikibidi kumwacha, inalipa fidia. Shabiki anasoma habari ya mkataba kama ndoa, mhasibu anaisoma kama bima.

Mara moja tu katika miaka ya karibuni nimeona mashabiki wakikataa kuitazama ngao na kumtazama aliyeishika. Ilikuwa Roma. Daniele De Rossi ni mtoto wa mji ule, aliyeichezea Roma mechi 616. Januari 2024 wamiliki Wamarekani, familia ya Friedkin, walimfukuza Mourinho aliyekuwa anapendwa mno na mashabiki, na ili wasichomewe nyumba wakamweka De Rossi siku ileile. Akafanya vizuri, Juni akapewa mkataba hadi 2027. Septemba 18, baada ya mechi nne za ligi, sare tatu na kipigo kimoja, akafukuzwa. Mashabiki hawakuanza kubishana kuhusu mbinu. Walimwendea moja kwa moja mtendaji mkuu wa klabu, Lina Souloukou, na tarehe 22 akajiuzulu. Ivan Jurić aliyerithi kiti hakufikisha miezi miwili. Roma ikaishia kumbembeleza Claudio Ranieri, mzaliwa wa Roma aliyekuwa amestaafu akiwa na miaka 73, aje azime moto. Ngao tena, ila hii ilifanya kazi: alimaliza wa 5.

Na kwetu?

Tusijifanye haya ni ya Ulaya. Tarehe 19 Julai 1977 Simba iliifunga Yanga 6-0, na matatu kati ya hayo aliyafunga Abdallah Kibadeni. Mwaka 1993 yeye ndiye aliyekuwa kocha Simba ilipofika fainali ya Kombe la CAF. Kwa mtu wa Simba, kumtaja Kibadeni ni kama kutaja jina la babu. Mwaka 2013 alirudishwa kuinoa timu. Oktoba 20 mwaka huo Yanga ikaongoza 3-0 hadi mapumziko, Simba ya Kibadeni ikarudisha yote, 3-3, na hapa Mwanza kuna watu walitoka vibandani mapumziko wakiwa wekundu kwa aibu, wakakosa kuona kipindi cha pili, mpaka leo wanataniwa. Kabla mwaka haujaisha, Kibadeni na msaidizi wake Jamhuri Kihwelo "Julio" wakapigwa chini, akaletwa Mkroatia Zdravko Logarušić.

Kwetu jambo hili lina ladha nyingine kwa sababu Simba na Yanga zina wanachama na matawi. Mwanachama wa tawi la hapa Mwanza ana kadi, na kwenye mkutano mkuu anaweza kusimama akamuuliza kiongozi kwa nini umemfukuza mzee wetu. Kwa hiyo gwiji akifukuzwa, siku hiyohiyo inakuwa siasa: kambi ya kiongozi huyu, kambi ya yule, nani anataka uchaguzi ujao. Nimewahi kukaa kwenye kikao cha tawi moja, sitasema la rangi gani, ambapo kocha alijadiliwa saa mbili na mfumo wa uchezaji haukutajwa hata mara moja.

Na ukitaka kujua kinachouma hasa, angalia pale kisipouma. Pamba Jiji ilirejea Ligi Kuu 2024 baada ya zaidi ya miaka 20 nje, Mwanza nzima ikiisubiri kwenye uwanja wa Kirumba. Oktoba ikaachana na Goran Kopunović. Sikuona mtu akinuna. Aliyekuja, Fred Felix Minziro, aliijenga heshima yake uwanjani akiwa na jezi ya Yanga, kwa hiyo watu wa Pamba walimpokea kama unavyompokea fundi: karibu, paa linavuja kule. Kocha asiye na kumbukumbu yako anaondoka na begi lake tu.

Yule mzee wa sangara hajawahi kukanyaga Manchester. Hana kadi ya uanachama, hana hisa, hajanunua tiketi hata moja. Jezi yake ni ya mtumba wa Makoroboi. Kitu pekee anachomiliki katika klabu ile ni dakika ile ya usiku wa Mei 1999. Klabu ilipomweka Ole kwenye kiti cha kocha ilikuwa inaitumia dakika hiyo kama dhamana ya mkopo, na ilipomfukuza, dhamana ikawa imeliwa, na mwenye mali hakuulizwa. Kijana hakuwa na dhamana pale, ndiyo maana aliona bao nne tu. Sioni kosa lake. Uongozi nao sioni kama ulikosea kumfukuza Ole. Ulikosea kumtegemea kwa kazi ambayo bao la dakika ya mwisho halimfundishi mtu. Akina Zinedine Zidane, aliyeipa Real Madrid makombe matatu ya Ulaya mfululizo, ni ushahidi kwamba gwiji anaweza, lakini Zidane alipita kwanza kuwa msaidizi wa Carlo Ancelotti na kufundisha kikosi cha pili.

Na kuna ubaya mwingine, wa taratibu. Aprili 2023 Chelsea ilimrudisha Lampard kuwa kocha wa muda. Mechi 11, akashinda 1. Hakuna aliyetundika bango safari hiyo, wala hakuna aliyelia. Mabao 211 yalikuwa yaleyale, ila watu walikuwa wameshaanza kuyasahau huku mwenyewe akiwa amesimama mbele yao na koti.

Baada ya Ole kuondoka, kijana wa bodaboda alimfuata mzee Mwaloni, kwa utani wa kawaida. "Mzee wangu, lile jina sasa tufute. Ona, limekuwa ole kweli." Mzee akamwambia rangi ni hela. Mwaka uliofuata mtumbwi ulivutwa nchi kavu kuzibwa nyufa, na fundi akaupaka rangi ya bluu, ubavu wote. Nilipita pale nikamkuta ameinama na brashi ndogo, anazizunguka zile herufi moja moja, asizifunike.